Dalili Si Ghaibu: Picha za Matumbo na Wajibu wa Jamaa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lililokwisha kuingia katika nyumba nyingi za Waislamu, nalo husemwa kwa sauti ya chini. Jambo lenyewe ni uvimbe wa saratani katika njia ya chakula, pamoja na zile picha ambazo madaktari huzitazama, kisha wakasema kuwa mgonjwa huyu yumkini atakuwa hivi, na yule yumkini atakuwa vile.

Katika jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa kujua yatakayokuwa ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Kwa hiyo daktari atazamaye picha na kueleza mwisho wa mgonjwa ni sawasawa na mpiga ramli, na kumwendea ni kuyaingilia mambo ya ghaibu. Kundi la pili halikatai picha, bali huichukua kama hati ya kifo. Wakishaambiwa kuwa picha si nzuri, hufunga mlango, humficha mgonjwa habari zake, huacha dawa, wakakaa kungoja.

Makundi haya yaonekana kuwa mbalimbali, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili yadhani kuwa picha ni sauti itokayo katika ghaibu. Moja laikimbia, na jingine laisujudia. Sisi twataka kuonyesha, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, kuwa picha si ghaibu. Picha ni dalili, na dalili hutakiwa isomwe mapema, isomwe na ajuaye, kisha ifuatwe.

Jinsi macho yalivyofikishwa ndani ya mwili

Yafaa kwanza tujue picha hizi ni kitu gani. Waislamu hawakuwa wageni katika elimu ya kuona. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuishi Misri, aliandika katika karne ya 11 kitabu chake kiitwacho Kitab al-Manazir, akaeleza kuwa jicho halitoi miali ya kukiendea kitu, bali nuru hutoka katika kitu ikaingia jichoni. Wanavyuoni wa Ulaya walikisoma kitabu hicho kwa Kilatini kwa karne nyingi. Maana ya maneno yake kwetu ni kuwa kuona ni kupokea alama iliyoachwa na kitu kilichopo. Asiyepokea alama haoni, na kisichokuwapo hakiachi alama.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, aligundua miali ipenyayo nyama na kuzuiwa na mifupa, na hiyo ndiyo eksirei. Lakini eksirei ya kawaida hukilaza kila kitu juu ya kingine, mfano wa vivuli vya watu wengi katika ukuta mmoja. Mwaka 1971, mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambayo huuzungushia mwili miali kutoka pande zote, kisha kompyuta ikakokotoa na kutoa sura ya ndani kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa slesi. Mashine hiyo ndiyo iitwayo CT. Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa ameanza kuifikiri hesabu yake alipokuwa akifanya kazi Cape Town.

Kisha ikaja MRI, isiyotumia miali ya eksirei kabisa. Hiyo hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, na chembe za maji na mafuta zilizomo mwilini ndizo zitoazo habari. Uzuri wake ni kuwa hutofautisha nyama laini na nyama laini, jambo ambalo eksirei haliwezi. Basi tukumbuke neno hili: mashine zote hizi huonyesha kilichopo leo ndani ya mwili. Hakuna hata moja ionyeshayo kesho.

Mfano wa saratani ya puru

Kama mashine haionyeshi kesho, daktari apataje kusema habari za kesho? Tuchukue mfano mmoja tuujue barabara, nao ni saratani ya puru, yaani kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana kilicho karibu na njia ya haja kubwa.

Puru imezungukwa na mafuta, na mafuta hayo yamefungwa ndani ya utando mwembamba, kama kitu kilichoviringwa katika kitambaa chepesi. Mwaka 1982 mpasuaji mmoja wa Basingstoke, Uingereza, jina lake Heald, pamoja na wenzake, waliandika kuwa mpasuaji akiiondoa puru pamoja na mafuta yake yote, bila ya kuutoboa utando ule, ugonjwa hurejea mara chache zaidi mahali pale. Mwaka 1986 Philip Quirke na wenzake wa Leeds walivichunguza vipande vilivyokwisha kukatwa, wakaonyesha kuwa pale saratani ilipokuwa imefika ukingoni mwa kipande, ugonjwa ulirejea kwa wengi wa wagonjwa hao. Hiyo ilikuwa elimu kubwa, lakini ilipatikana baada ya kisu kupita. Mgonjwa alikuwa amekwisha kupasuliwa, na lililobaki likawa kusema laiti.

Hapa ndipo picha ilipoleta faida yake. Katika uchunguzi ulioitwa MERCURY, ambao habari zake zilitolewa mwaka 2006, wagonjwa 408 katika hospitali 11 za Ulaya walipigwa picha ya MRI kabla ya kupasuliwa. Wataalamu wa picha waliandika mapema kama uvimbe uko mbali na utando ule au umeufikia. Baada ya upasuaji, kipande kilichokatwa kilitazamwa kwa hadubini, na maneno ya picha yakalinganishwa na yaliyoonekana. Ikabainika kuwa picha iliyopigwa na kusomwa vyema yaweza kusema kwa uaminifu mkubwa, kabla ya kisu, kama ukingo utakuwa salama. Kipimo cha hatari ni milimita 1. Uvimbe ukiwa umbali wa milimita 1 au chini yake kutoka katika utando, ukingo huhesabiwa kuwa katika hatari.

Wagonjwa 374 miongoni mwao wakafuatiliwa kwa miaka, na mwaka 2014 yakatolewa matokeo. Katika wale ambao picha ilionyesha ukingo salama, kama 62 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Katika wale ambao picha ilionyesha ukingo umefikiwa, walikuwa hai kama 42 katika kila 100.

Tusimame hapa kidogo, wasomaji wetu, tuzisome hesabu hizi kwa akili. Katika lile kundi lililoambiwa kuwa picha zao ni mbaya, watu 42 katika kila 100 walikuwa wakiamka, wakila na kusali baada ya miaka 5. Na katika lile kundi lililoambiwa kuwa picha zao ni nzuri, watu 38 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kufa. Basi nani awezaye kumnyoshea mgonjwa mmoja kidole na kumwambia kuwa yeye ni wa hawa au ni wa wale? Hakuna. Daktari hakupewa habari ya Fulani bin Fulani. Alichonacho ni habari ya watu wengi waliotangulia wakiwa na alama mfano wa zake. Hayo si kutabiri, hayo ni kukadiria. Nahodha atazamapo mawingu ya kusi akazuia jahazi lising'oe nanga, hadai kuwa amefunuliwa ghaibu. Amesoma alama ambazo waliomtangulia walizisoma.

Faida ya kukadiria

Pengine msomaji atauliza: ikiwa daktari hajui yakini, makadirio yake yana faida gani? Faida yake ni kupanga tiba. Uvimbe ukionekana uko mbali na utando, mara nyingi mgonjwa aweza kupasuliwa bila ya kuanza na mionzi, akaepukana na madhara yake. Ukionekana umekaribia utando, madaktari huanza kwa mionzi na dawa za saratani ili unywee, kisha picha hupigwa tena, ndipo kisu kifuate. Mgonjwa ni yule yule na hospitali ni ile ile, lakini kanuni ya tiba imebadilika kwa sababu ya milimita chache zilizoonekana kwa wakati.

Na yapo makubwa zaidi. Mwaka 2004 Daktari Angelita Habr-Gama na wenzake wa São Paulo, Brazil, walitoa habari za wagonjwa 265 wa saratani ya puru waliopewa mionzi na dawa. Katika 71 miongoni mwao uvimbe haukuonekana tena, nao hawakupasuliwa upesi, bali waliwekwa chini ya uangalizi wa karibu. Wengi wao waliishi bila ya kukatwa puru. Njia hii si ya kila mgonjwa, wala si ruhusa ya kukimbia upasuaji. Yataka mgonjwa arudi hospitali kila baada ya miezi michache, achunguzwe kwa kidole cha daktari, kwa kamera na kwa MRI, kwani kwa baadhi ya watu uvimbe huota tena. Lakini yatuonyesha kuwa picha ile ile ambayo watu waiogopa kuwa itawaletea kisu, mara nyingine ndiyo iwaepushayo nacho.

Picha haijisemi yenyewe

Pia yafaa tujue kuwa picha yahitaji msomaji, kama hati yoyote. Upo uvimbe wa namna nyingine, utokao katika ukuta wa tumbo au wa matumbo, ujulikanao kwa herufi GIST. Mwaka 1998 wataalamu wa Kijapani, Seiichi Hirota na wenzake, walieleza kasoro katika chembe za uvimbe huo iufanyayo ukue bila ya kizuizi. Mwaka 2000, nchini Finland, mwanamke mmoja ambaye uvimbe wake ulikuwa umesambaa alipewa vidonge vya imatinib, viizuiavyo kasoro hiyo, na kwa muda wa majuma machache picha zake zikaonyesha mabadiliko makubwa.

Lakini dawa hiyo ilipoenea, madaktari waliona jambo la ajabu. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, nao uvimbe katika picha ya CT ulikuwa haukupungua, na mara nyingine ulionekana kukua. Kwa kanuni ya zamani, iliyotaka kipimo kipungue kwa asilimia 30, wangeambiwa kuwa dawa imeshindwa. Mwaka 2007 Daktari Haesun Choi na wenzake wa Houston, Marekani, wakaeleza kuwa katika uvimbe huu hautazamwi ukubwa peke yake. Uvimbe unaokufa hulainika ndani na kuwa kama maji, basi ukionekana katika CT kuwa uzito wa kivuli chake umepungua kwa asilimia 15, au ukubwa umepungua kwa asilimia 10 tu, hiyo ni alama kuwa dawa yafanya kazi.

Somo lake kwetu ni wazi. Picha isomwayo na asiyejua yaweza kumnyima mgonjwa dawa inayomponya. Kwa hiyo si vyema jamaa kuitoa picha katika bahasha, wakaielekeza dirishani, wakatoana machozi kwa doa wasilolijua. Wala si vyema kuituma katika simu kwa kila rafiki mwenye maoni.

Siku hizi kompyuta nazo zafundishwa kusoma. Mwaka 2012 Philippe Lambin wa Maastricht, Uholanzi, na wenzake walieleza elimu iitwayo radiomiki, ambayo kwayo kompyuta hutoa katika picha moja mamia ya vipimo visivyoonekana kwa jicho, kama vile mpangilio wa weupe na weusi ndani ya uvimbe, kisha ikavilinganisha na yaliyowapata wagonjwa waliotangulia. Twaitarajia heri katika elimu hiyo. Lakini kompyuta hujua yale tu iliyofunzwa. Iliyofunzwa kwa wagonjwa wa nchi moja na mashine za namna moja yaweza kukosea kwa wagonjwa wa nchi nyingine. Basi nayo ni shahidi, na shahidi huulizwa kabla ya kuaminiwa.

Dini yasemaje?

Sasa turudi kwa wale wasemao kuwa huku ni kuingilia ghaibu. Ni kweli kabisa kuwa mwisho wa Surat Luqman watufundisha kuwa hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho, wala itafia nchi gani. Na ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza vikali kuwaendea makahini na wapiga ramli. Hayo twayaamini wala hatuyapunguzi. Walakini kahini hudai kujua pasipo alama yoyote, au kwa alama zisizohusiana na jambo lenyewe, kama mistari ya mchanga na nyota. Daktari hutazama kitu kilichopo, akakipima kwa milimita, akakiri kuwa aweza kukosea.

Na kusoma alama za mwili si jambo lililolaumiwa katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mujazziz al-Mudliji, mtu wa kabila lililojulikana kwa elimu ya kutambua nasaba kwa kutazama maungo, aliwapita Zayd na mwanawe Usama wamelala, wamejifunika vichwa na miguu yao ikionekana. Watu walikuwa wakimsema Usama kwa sababu rangi yake si ya baba yake. Mujazziz aliitazama miguu ile akasema kuwa yatokana miguu hii na hii. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa Bibi Aisha (r.a.) hali uso wake wang'ara kwa furaha, akamsimulia habari hiyo. Maimamu, akiwamo Imam Shafi, waliitoa humo hoja ya kukubali ushahidi wa mjuzi wa alama. Basi ikiwa miguu iliyotazamwa na ajuaye ilikubaliwa kuwa dalili, picha ya ndani ya mwili yakataliwa kwa nini?

Na wale wasemao kuwa liwe liwalo, kwa kuwa kadari imekwisha kuandikwa, twawakumbusha safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kwenda Sham. Alipofika Sargh aliambiwa kuwa tauni imeingia nchi ile. Akashauriana na Muhajirina na Ansari, kisha akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama yakimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu; akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kame, kuwa akilisha huku au huku, kote ni kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume iliyouthibitisha uamuzi huo. Angalieni, ndugu zetu: Umar alipata habari, akataka shauri, akachagua upande wenye majani. Hakusema kuwa habari ile ni ghaibu, wala hakukaa chini kungoja mauti.

Yawapasayo jamaa

Madhali tumekwisha kuyajua hayo, yatupasa tuyatende. Kwanza, tusingoje. Maradhi ya puru na utumbo mpana huanza kwa alama ambazo watu huzionea haya: damu katika haja kubwa, choo kilichobadilika tabia kwa majuma mengi, haja isiyokwisha, kukonda na kupungukiwa damu bila ya sababu. Wengi husema kuwa ni bawasiri, wakanywa mizizi mwezi baada ya mwezi. Huenda ikawa bawasiri kweli, lakini asemaye hivyo awe daktari aliyekwisha kupima. Na umio nao una alama yake, nayo ni chakula kukwama, kwanza kigumu na kisha laini. Maradhi hayo ni mengi katika sehemu za Kenya, Tanzania na Malawi, na wengi huenda hospitali wakati chakula kimekwisha kukataa kupita. Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Haya ni katika imani, lakini haya imwuayo mtu si haya iliyosifiwa. Mwanamke aombe daktari mwanamke akiwapo, na asipokuwapo, dharura ina hukumu yake.

Pili, tujue kuwa picha haithibitishi saratani peke yake. Aghalabu huchukuliwa kinyama kidogo kwa kamera kikapimwa maabara, ndipo picha ikaeleza uvimbe umefika wapi. Aitwaye kwa MRI aseme mapema kama ana chuma mwilini au mashine ya moyo, na avue mkufu, bangili na hata hirizi yenye chuma, kwani sumaku haibagui. Aitwaye kwa CT aseme kama ana maradhi ya figo au aliwahi kudhuriwa na dawa ya sindano. Na miadi ikiangukia Ramadhani isiahirishwe kwa hofu ya saumu. Mgonjwa amepewa ruhusa yake katika Surat al-Baqara, naye atalipa akipona.

Tatu, siku ya kupewa majibu asiende mgonjwa peke yake. Afuatane na mtu mmoja mtulivu, mwenye kalamu. Na waulize: Uvimbe umefika wapi, na uko umbali gani na ukingo? Je, umefika katika ini au mapafu? Tiba ipi itangulie, na kwa nini? Picha itapigwa tena lini? Je, misuli ya njia ya haja itasalimika? Maswali haya matano yana faida kuliko lile swali moja waliulizalo watu wote, la kuwa amebakiwa na miezi mingapi. Na picha za zamani zihifadhiwe, kwani picha ya pili haina maana kamili bila ya kulinganishwa na ya kwanza. Kwa mtu akaaye mbali na mashine hizi, safari yataka nauli na mahali pa kulala. Hapo ndipo ndugu na jirani watambulikane.

Nne, mgonjwa asifichwe. Mwili ni wake, na deni ni lake. Yeye ndiye aijuaye amana aliyoweka kwa watu, na yeye ndiye mwenye haki ya kuusia, isiyozidi thuluthi ya mali yake. Jamaa wakimficha kwa huruma, humnyima kuchagua tiba, na humnyima kujiandaa kukutana na Mola wake. Aelezwe kwa upole, kwa kiasi anachouliza, na wala asipewe siku ya kufa, kwani siku hiyo hakuna aijuaye.

Tano, na hili ni zito. Wapo watu waliokataa upasuaji wa puru kwa kuogopa kuwekewa mfuko wa choo tumboni, wakadhani kuwa mwenye mfuko hana tena udhu wala sala. Dhana hiyo si sahihi. Wanavyuoni wamemweka mtu huyo katika hukumu ya wenye udhuru wa kudumu, kama asiyeweza kuzuia mkojo, na kama mwanamke wa istihadha. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa damu haimkatikii, hakuambiwa aache sala kwa damu ile, bali aliamrishwa kutawadha kwa kila sala. Basi mwenye mfuko ataumwaga na kujisafisha awezavyo, atatawadha baada ya wakati kuingia, na atasali, hata kikitoka kitu katikati ya sala. Amwulize shekhe wake mambo madogomadogo, lakini asiuze uhai wake kwa hukumu ambayo dini haikuitoa. Na vijana waliomo nyumbani wajue kuwa kukunja pua mbele ya baba au mama mwenye mfuko ni uasi kwa wazazi.

Wasomaji wetu watukufu, Bedui walipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa, aliwaamrisha watafute, akawaambia kuwa Mungu hakuteremsha maradhi illa aliyateremshia na dawa, isipokuwa uzee. Picha ni katika milango ya kuitafuta dawa hiyo. Tuingie humo na tawakali yetu, tusiuite ghaibu tukaukimbia, wala tusiuite hukumu tukaketi kizingitini kulia. Daktari akisema kuwa picha ni nzuri, tushukuru na tuendelee na tiba. Akisema kuwa si nzuri, tumwulize lifanywe nini sasa, tulifanye, na tuombe; kwani hata katika wale waliokadiriwa vibaya, Mwenyezi Mungu aliwabakisha wengi.

Twamwomba Mola wetu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotutangulia. Amin. Wabillahi tawfiq.